Southdale, Mji Uliojengwa Nusu

Mwanafunzi aliyetoka likizo Kampala hakosi kuwasimulia wenzake habari za majumba ya maduka. Atasema aliingia Acacia Mall, au Lugogo, akazunguka huku na huku, akatazama viatu katika vioo, akanywa soda moja, kisha akatoka bila kununua kitu kingine. Wenzake humcheka kwa hilo la mwisho. Lakini mtu aliyebuni majumba ya namna hii asingalimcheka hata kidogo, maana yeye hakutaka watu waje kununua tu. Alitaka waje wakae, wazungumze, wakutane. Nataka kueleza habari za mtu huyo na za jumba lake mashuhuri, Southdale, lililoko Edina, kiungani mwa mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Hilo ndilo jumba la maduka la kwanza la aina yake kufunikwa lote kwa paa na kutiwa mashine za kupasha moto na kupoza hewa, na majumba tunayoyaona Kampala na Nairobi ni wajukuu zake.

Jina lake Victor Gruen. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1903, akajifunza kazi ya kuchora majumba. Jioni alikuwa akicheza michezo ya kuchekesha jukwaani pamoja na rafiki zake. Alikuwa Myahudi, na mwezi wa Machi 1938, Hitler alipoitwaa Austria, alijua kwamba hana budi kukimbia. Yasemekana rafiki yake mmoja wa jukwaani alivaa sare za askari wa Hitler, akampeleka kwa motokaa mpaka kiwanja cha ndege. Gruen akafika New York na dola 8 mfukoni, na Kiingereza hakijui.

Kazi yake ya kwanza kujulikana huko ilikuwa duka dogo la mikoba ya ngozi katika barabara ya Fifth Avenue, mwaka 1939. Maduka mengine yalikuwa na mlango na dirisha la kioo sawasawa na njia ya watu. Gruen aliurudisha mlango nyuma, akaacha kijia chenye makabati ya vioo pande zote mbili. Mpita njia akisogea kutazama, hujikuta amekwisha kuingia. Ni hila ndogo, lakini ndani yake mna mambo yote aliyoyafanya baadaye.

Baada ya vita kuu ya pili Wamarekani wengi walihama katikati ya miji yao, wakaenda kukaa viungani, kila nyumba na bustani yake na motokaa yake. Maduka yakawafuata, yakajipanga kando ya barabara kuu, moja hapa, moja kule. Mama wa nyumba akitaka mkate na dawa na viatu, aliendesha motokaa mara tatu na kuiegesha mara tatu. Gruen aliyatazama hayo kwa huzuni. Alikuwa akiukumbuka mji wake wa Vienna, ambako mtu hutembea kwa miguu, hukaa mkahawani, huonana na jirani. Akasema moyoni kwamba huku kuna nyumba nyingi ila hakuna mji.

Ndipo kampuni ya Dayton, yenye duka kubwa katikati ya Minneapolis, ilipomwita. Mwaka 1952 mradi ulitangazwa. Kampuni ilikuwa na ardhi ya eka 463 huko Edina, na Gruen hakuchora maduka peke yake. Alichora nyumba za kukaa, fleti, shule, mahali pa matibabu, bustani, hata ziwa. Maduka yalikuwa katikati tu, kama soko lilivyo katikati ya mji. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana nitalirudia.

Palikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa. Minnesota wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu, na wakati wa joto jasho hutiririka. Gruen alihesabu kwamba kwa mwaka mzima ni siku 126 tu zilizokuwa nzuri za kutembea madukani. Basi akafunika yote kwa paa, akaweka mashine za hewa ili ndani iwe daima nyuzi 24 za Sentigredi. Shida ya pili ilikuwa duka la Donaldson's, mshindani mkubwa wa Dayton, ambalo nalo lilitaka kujenga upande ule. Wafanye nini? Wakamkaribisha! Wafanya biashara wengi walishangaa, kwa kuwa ni nani amwekaye adui yake chini ya paa lake? Lakini hesabu yao ilikuwa sawa. Maduka makubwa mawili yakiwa mbalimbali, mteja hutoka moja kwenda jingine, na katikati hupita mbele ya maduka madogo yote. Duka dogo haliwezi kuvuta watu kutoka mbali. Hukaa njiani na kungoja, kama mwuza njugu mlangoni pa uwanja wa mpira.

Southdale ilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956. Iligharimu dola milioni 20, ikawa na maduka 72 na nafasi za kuegesha motokaa 5,200. Siku hiyo walikuja watu wapatao 75,000. Nje waliona kuta tupu, maana Gruen aliyageuza maduka yakatazama ndani, kinyume cha desturi. Ndani waliona ua mpana wenye dari ya juu sana, miti, maua, vidimbwi vya samaki, kizimba kikubwa cha ndege, na sanamu ndefu za miti ya dhahabu zilizofanywa na Harry Bertoia. Maduka yalikuwa ghorofa mbili, yakiunganishwa na ngazi za umeme, na motokaa ziliegeshwa ngazi mbili vilevile, hata mtu akaweza kuingia chini au juu bila kupanda. Hilo si jambo dogo, kwani mwenye duka la juu hulalamika siku zote kwamba wateja hawamfikii.

Magazeti yaliisifu. Ila mzee Frank Lloyd Wright, msanifu aliyekuwa maarufu kuliko wote Marekani, alifika mwaka uleule, akatazama ua ule wenye maua, akasema kwamba una ubaya wote wa njia ya kijijini wala hauna uzuri wake hata mmoja. Naona alikuwa mkali mno. Hata hivyo kuna jambo aliloliona.

Mji ulikuwa wapi? Maduka yalijengwa, zile nyumba zilizochorwa kuyazunguka hazikujengwa kama zilivyochorwa. Ardhi ya jirani ilipanda bei sana kwa sababu ya maduka yale, na ardhi ikipanda bei hivyo, michoro ya mtu husahauliwa upesi. Hospitali ilijengwa karibu, mwaka 1965. Lakini lililolizunguka jumba pande zote lilikuwa bahari ya lami, motokaa zimepangwa kama mahindi shambani. Aliyetaka kuwaondoa watu ndani ya motokaa alikuwa amewajengea mahali pasipofikika vizuri bila motokaa.

Na mji wa nani? Katika mtaa wa Country Club, hapohapo Edina, hati za viwanja zilizoandikwa tangu 1924 ziliruhusu watu wa rangi nyeupe peke yao kununua au kukaa, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba hati za namna hiyo haziwezi kutekelezwa na mahakama, na Minnesota ikakataza kuandika mpya mwaka 1953. Lakini ujirani haubadiliki kwa siku moja. Kwa hiyo, siku ile ya Oktoba 1956, kiwanja cha kukutania watu kilichochorwa na mkimbizi kilifunguliwa mahali ambapo watu wengi walikuwa wamefungiwa mlango. Sikuona habari hii ikielezwa sana katika masimulizi ya Southdale, nami naona yafaa kuelezwa.

Mfano wake ukaenea upesi kuliko alivyotaka Gruen. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wenye majengo mapya ya biashara kuhesabu uchakavu wake haraka na kupunguziwa kodi, hata ikawa faida kujenga jipya kuliko kutengeneza la zamani. Na mwezi wa Juni 1956, miezi michache kabla ya Southdale kufunguliwa, serikali ilipitisha sheria ya barabara kuu za nchi nzima. Wenye fedha wakaona kazi ni rahisi: tafuta shamba penye njia panda ya barabara kuu, jenga sanduku, weka duka kubwa huku na huku, miminia lami. Wakaacha shule, wakaacha nyumba, wakaacha bustani. Maduka ya katikati ya miji yakanyauka.

Gruen alirudi Vienna mwaka 1968. Mwaka 1976 jumba kubwa la maduka lilifunguliwa nje kidogo ya Vienna, mji aliokuwa akiukumbuka wakati wote, na wenye maduka ya zamani ya mjini wakaogopa. Mwaka 1978 alisema hadharani London kwamba majumba yale si watoto wake, na kwamba hatatoa posho ya kuwalisha. Alikufa mwaka 1980.

Sasa tuje kwenye kuzeeka kwa majumba haya, ambako wasomaji wa Uganda wana mfano wao wenyewe. Duka la Nakumatt lilipofunga matawi yake ya Uganda mwaka 2017, wenye maduka madogo jirani walitazamana. Ndiyo kanuni ile ya Donaldson's na Dayton ikigeuzwa: duka kubwa likiondoka, njia haina wapitaji. Huko Marekani mikataba mingi ya maduka madogo husema kwamba duka kubwa likifungwa, dogo laweza kulipa kodi pungufu au kuondoka. Basi ugonjwa wa mmoja huwa tauni ya wote. Northland, jumba jingine la Gruen karibu na Detroit, lililofunguliwa 1954 likiwa halijafunikwa bado, lilifungwa mwaka 2015.

Southdale haikufa, ingawa mwaka 1992 Mall of America, jumba kubwa kupita yote nchini, lilifunguliwa mji wa jirani, Bloomington. Iliokoka kwa kubadilika mara kwa mara. Mwaka 1972 iliongezwa duka kubwa la tatu, la JCPenney. Mwaka 1991 Dayton ikajenga duka jipya, na lile la 1956 likakatwakatwa kuwa maduka madogo. Kisha watu wakaanza kununua kwa intaneti, na duka la JCPenney likafungwa. Mahali pake, mwaka 2019, paliinuka jumba la mazoezi ya mwili la ghorofa tatu, lenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Mtu hawezi kuogelea kwa intaneti.

Lakini badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2014. Pembeni mwa kiwanja cha motokaa, pale palipokuwa lami tupu karibu miaka 60, zilijengwa fleti zaidi ya 200. Baadaye ikaja hoteli. Hili halikuwa rahisi kama lisikikavyo. Katika majumba ya namna hii, maduka makubwa huwa na haki katika kiwanja cha motokaa kwa mikataba ya zamani, na mwenye jumba hawezi kujenga juu yake bila ridhaa yao. Kila mwenye duka huogopa kwamba nafasi ikipungua, mteja wake atapita moja kwa moja. Lakini motokaa zenyewe zilikuwa zimepungua, na lami isiyoegeshwa kitu haileti hata senti.

Basi wamekuja watu wa kukaa, mlangoni pa maduka, kama ilivyochorwa mwaka 1952. Sisemi kwamba ndoto imetimia. Zile fleti ni za wenye kipato kizuri, na ziwa la Gruen halipo, wala shule yake. Ila kuna kituo cha mabasi kando ya jumba, na mtu asiye na motokaa hufika kwa nauli yake, akaingia mlango uleule wa wenye fleti.

Ule ua wa katikati ungalipo. Ndege na kizimba chao walikwisha kuondolewa zamani. Siku za baridi kali, asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, wazee wa Edina huja wamevaa viatu vya mpira, wakatembea wawili wawili toka mwisho hata mwisho, wakizungumza, nje theluji ikianguka. Hawanunui kitu.