Kuomba mashine: mufanye hesabu kwanza

Koperative nyingi za Kalemie zinatuletea barua za kuomba mashine ya kusaga mihogo. Zinafanana: "Sisi ni maskini, mutusaidie." Umaskini wetu mufadhili anaujua tayari. Kile hajui ni mashine itaishi namna gani akisha kwenda.

Basi muanze na kaye. Tuseme muko wanachama 30, kila mumoja anasagisha magunia 2 kwa mwezi: ni magunia 60. Mazutu itakula makuta ngapi? Nani atalipwa kazi ya kusaga? Mashine ikiharibika, pesa ya kuitengeneza inatoka wapi? Kama magunia 60 hayatoshi, afazali mujue mbele ya kuandika. Hapo muombe mashine ndogo, ao mutafute wateja inje ya koperative.

Muonyeshe mchango wenu pia, na mutie bei: kiwanja, kazi ya mikono, matofali. Matofali mulichoma wenyewe ni makuta, hata kama hakuna mutu aliyalipa.

Upande wa karatasi, sheria ya OHADA, inayofanya kazi Kongo tangu 2012, inaomba watu 5 kwa koperative rahisi, na 15 kwa ile yenye baraza la uongozi. Muandike namba yenu ya rejista juu ya barua.

Na musikopie mradi wa wenzenu. Tulisha kupokea barua ya walima mihogo, mbali na ziwa, ambayo kwenye bajeti ilibaki nyavu za samaki.