Baraza la Watu: Namna ya Kulikusanya na Kulilinda

Katika Kiswahili cha Kivu yetu, watu waliopatana tunasema kwamba wanasikilizana, na mapatano yao tunayaita masikilizano. Neno hili moja lafundisha mengi. Linaonyesha kwamba kupatana hakutangulii: kwanza mtu amsikilize mwenzake, kiisha mapatano yanafuata. Anayetaka masikilizano bila kusikiliza anatafuta matunda pasipo mti.

Padri kijana anapofika katika paroki yake ya kwanza, anaona upesi kwamba watu hawamletei mambo ya sakramenti peke yake. Wanamletea shauri la parsele iliyouzwa mara mbili, la mpaka wa shamba, la bomba la maji, la kijana aliyerudi kutoka porini na ambaye majirani wanamwogopa. Katekista anajua mambo hayo zaidi, kwa sababu yeye anakaa katikati ya watu usiku na mchana. Wafanye nini? Wakate shauri wenyewe? Wafunge mlango? Tunapenda kuwaeleza hapa njia ya tatu, ndiyo baraza.

I. Baraza ni nini

Baraza si mahubiri, wala si tribinali. Katika mahubiri mmoja anasema na wengine wanasikia. Katika tribinali mmoja anashinda, mwingine anashindwa, na kesho wanapishana njiani bila kusalimiana. Katika baraza wenye ugomvi wanakaa pamoja na wale watakaoishi na matokeo yake: wazee, wamama, vijana, wakubwa wa karte. Wote wanatafuta njia ambayo kila mmoja ataweza kuifuata bila haya.

Lakini baraza lina mpaka wake. Halikamati nafasi ya sheria. Mauaji na ubakaji ni makosa ya kupelekwa mbele ya waamuzi. Mzee au katekista anayekubali mbuzi wawili ili neno la msichana aliyebakwa lifungwe, huyo hakuleta amani. Amemdhulumu mtoto mara ya pili, na mara hii kwa jina la upatanisho. Tulikumbuke neno hili daima, kwani katika nchi yetu jaribu hilo ni kubwa.

II. Baraza katika Eklezya

Wengine wanafikiri kwamba mambo haya ni ya siasa, au ya mashirika ya kizungu. Sivyo. Tusome sura ya 15 ya Matendo ya Mitume. Wakristu wa kwanza waligawanyika juu ya tohara na sheria ya Musa, na wakubwa wa Eklezya walikusanyika Yeruzalemu. Hawakuficha ugomvi, walibishana sana. Petro alisema, kisha watu wakanyamaza kuwasikiliza Barnaba na Paulo. Yakobo alisema mwisho, baada ya kuwasikia wengine. Kiisha waliandika barua, na hawakuituma peke yake: walichagua watu wa kuipeleka na kuieleza kwa midomo yao. Kila baraza jema linafuata mfano huu.

Papa Paulo VI, katika barua yake Ecclesiam Suam ya mwaka 1964, aliandika kwamba mazungumzo yanadai mambo manne: maneno yaliyo wazi, upole, kuaminiana, na busara ya kumjua yule unayesema naye. Kwetu Kongo maaskofu walikuwa wameisha chagua, tangu mwaka 1961, njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, hizi ambazo Bukavu tunaziita shirika. Katika shirika jirani anamjua jirani. Hapo ndipo mtoto wa baraza anazaliwa.

Hata taifa zima lilijaribu njia hii. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa katika mwezi wa nane 1991, na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo aliuongoza. Serikali ilipousimamisha katika Januari 1992, Wakristu waliandamana tarehe 16 Februari kuomba ufunguliwe tena, na wengine walikufa siku hiyo. Basi watu wa Kongo wamelipa damu kwa haki ya kukaa na kusemezana.

III. Mafundisho ya Kivu

Katika Januari 2008 palifanyika Goma mkutano mkubwa juu ya amani, usalama na maendeleo ya Kivu mbili. Padri Apollinaire Malu Malu, wa jimbo la Butembo-Beni, aliuongoza. Watu zaidi ya elfu moja walifika: wawakilishi wa makabila, wa serikali, wa dini na wa vikundi vyenye silaha. Tarehe 23 vikundi vilitia sahihi ahadi za kusimamisha vita. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha, vita vikubwa vilirudi Kivu ya Kaskazini.

Je, mkutano ule ulikuwa bure? Hatusemi hivyo. Watu waliopigana walionana uso kwa uso. Lakini tuna la kujifunza. Sahihi ya mkubwa haifungi mkono wa mdogo kama mdogo hakusikilizwa. Tena mkutano unaofanywa chini ya macho ya dunia nzima unawavuta watu waseme kwa ajili ya kusifiwa na watu wao, si kwa ajili ya kumfikia mwenzao.

Tuangalie sasa kazi nyingine, isiyo na kelele. Katika Fizi na Uvira kuna mzozo wa zamani kati ya wafugaji na wakulima. Wakati wa kiangazi wafugaji wanapeleka ng'ombe mbali kutafuta majani, nao wanakanyaga mashamba. Ng'ombe mmoja akikatwa panga, kesho watu wanakatana. Mashirika ya hapa kwetu, sawa na ADEPAE na RIO, yalienda kwanza kwa kila kabila mbali mbali: kwa Wabembe, kwa Wanyamulenge, kwa Wafuliiru na wengine. Waliuliza, waliandika, walirudi kuwasomea watu yale waliyoyasema. Baada ya hayo tu waliwakalisha wote pamoja, wakaongea juu ya njia za ng'ombe na malipo ya mashamba. Kazi hii haikumaliza vita vya milimani, kwa maana bunduki nyingi zinatoka mbali. Lakini pale ambapo mfugaji na mkulima waliisha kujuana, ng'ombe aliyepotea alikuwa tena ng'ombe aliyepotea, si sababu ya kuchoma kijiji.

IV. Namna ya kulikusanya

Kwanza, nenda kwa kila upande peke yake. Sikiliza bila kujibu. Mtu ambaye hakupata kusema hasira yake nyumbani atakuja kuitapika barazani.

Pili, chagua mahali pasipo mwenyewe. Si kwa mzee wa upande mmoja, na mara nyingine hata si kanisani, kama Waislamu na Waprotestanti wana neno katika shauri.

Tatu, pangeni zamu ya kusema. Wamama na vijana waseme mapema. Mzee akiisha kusema, nani mdogo atathubutu kumpinga? Tufanye sawa na Yakobo: mkubwa aseme mwisho.

Nne, tafuteni neno moja dogo la kufanya kabla ya mwezi kwisha: kupanda miti ya mpaka, kutengeneza mfereji, kumrudisha mtoto masomoni. Ahadi kubwa zinasahauliwa. Mti wa mpaka unaonekana kila asubuhi.

Tano, wapelekeni watu wawili, mmoja wa kila upande, wawaeleze majirani masikilizano yale. Kiisha mkutane tena siku iliyopangwa, hata kama yote yanaenda vizuri.

Na padri? Yeye ni mlinzi wa baraza, si mwenye baraza. Akikamata upande, baraza limekufa. Kama yeye mwenyewe ni wa kabila moja la wenye ugomvi, akubali kwa unyenyekevu kwamba mwingine aongoze.

V. Gharama yake

Tusiwadanganye waseminari wetu. Kulinda neno la watu kuna gharama. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewatetea wakaaji na wakimbizi pamoja, aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, baada ya barua yake ya Noeli 1999, alikatazwa kurudi katika jimbo lake tangu Februari 2000 hadi Septemba, na akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Katika Februari 2025 M23 waliingia Bukavu. Mwezi ule maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC walikuwa wakienda Kinshasa na Goma, wakisema na pande zote mbili juu ya mapatano ya amani. Wengine waliwalaumu kwamba wanasemezana na adui. Lakini kwa rafiki peke yake hakuna haja ya baraza.

Busara nayo ni ya lazima. Wakati silaha zinatawala njia, usiite watu wengi mahali pa hatari. Usiandike majina ya waliosema. Usirudie sokoni neno lililotolewa kwa siri. Afadhali watu sita wa shirika moja, wanaoaminiana, kuliko mia wanaochunguzana. Baraza dogo likilindwa vizuri, siku amani itakaporudi litakuwa mbegu iliyo tayari.

Ninyi mnaosoma Mugeri na Murhesa, msingoje upadri ili mwanze. Chumbani mwenu, mezani, uwanjani wa mpira, kuna ndugu wa kabila lingine ambaye hamjamwuliza bado jambo lililowapata watu wake. Mwulizeni, kisha mnyamaze mpaka amalize. Nanyi wakatekista, mliokwisha kufanya kazi hii miaka mingi bila kusifiwa, wafundisheni mapadri wenu. Mungu atupe sote masikio kabla ya kutupa maneno.