Karatasi ya Mandazi, Wi-Fi na Sababu ya Kukusumbua Usasishe Simu

Umewahi kununua mandazi asubuhi, ukamaliza kula, halafu ukajipata unasoma karatasi uliyofungiwa? Mara ni gazeti la mwaka jana, mara ni mtihani wa hesabu wa darasa la sita. Siku nyingine ni karatasi iliyotoka ofisi fulani, na hapo juu kuna jina la mtu, namba ya kitambulisho na mshahara wake. Muuzaji hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kitu cha kufungia.

Mwaka wa 2003 ilibainika kwamba kompyuta nyingi zilikuwa zikifanya vivyo hivyo. Tunakusimulia kisa hicho kwa sababu wateja hutuuliza kila mara: mbona mnasisitiza tusasishe simu, na apdeti zinakula bando hivi?

Tuanze na pakiti. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani na ubonyeze "Tuma", ombi lako husafiri ndani ya vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubandikwa kichwa. Fikiria mzigo unaotumia wazazi ushago kwa matatu. Pale steji, karani anaandika juu ya katoni: unaenda kwa nani, umetoka kwa nani, na ndani kuna nini. Kichwa cha Ethaneti ni maandishi hayo. Kina baiti 14 tu: sita za anwani ya mpokeaji, sita za mtumaji, na mbili za mwisho kutaja aina ya mzigo. Wi-Fi yenyewe hutumia kichwa kirefu zaidi hewani, lakini pakiti hugeuzwa kuwa na umbo hili kabla ya kufika kwa sehemu nyingine za mfumo wa simu. (Ukitumia menyu ya laini au bando, kichwa hiki hakihusiki kwenye simu yako. Hizo zina njia zao.)

Sasa, nani anasoma hayo maandishi? Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, na ndani ya Linux kuna kipande kidogo cha programu kiitwacho eth_type_trans. Pakiti ikiingia, kinatazama anwani ya kwanza: huu mzigo ni wangu, ni wa wote, ni wa kikundi, ama ni wa jirani? Kisha kinasoma zile baiti mbili za mwisho. Zikisema 0800, mzigo ni wa IPv4. Zikisema 86DD, ni wa IPv6. Baada ya hapo kichwa kinaondolewa.

Tuseme "kinaondolewa", kwa sababu kwa kweli hakifutwi. Programu inasogeza tu alama ya mwanzo baiti 14 mbele, kama mtu anayeruka anwani na kuanza kusoma barua yenyewe. Kuhamisha data yote kila pakiti inapoingia kungepoteza muda na betri bure. Kuna vituko vingine pia: 14 haigawanyiki kwa nne, na prosesa nyingi hupenda namba zinazogawanyika, kwa hivyo mara nyingi baiti mbili tupu huachwa mbele ili jumla iwe 16. Tulicheka kidogo tulipojua hilo. Hata mashine hupanga viatu mlangoni.

Lakini hapo ndipo penye funzo la 2003. Ndani ya kompyuta, kitu "kilichoondolewa" mara nyingi bado kipo. Kimeachwa tu palepale kwenye kumbukumbu, kikisubiri kitu kingine kiandikwe juu yake.

Ethaneti ina sheria kwamba pakiti isiwe fupi kupita kiasi. Ukitoa kichwa, mzigo wenyewe usipungue baiti 46. Ukiwa na mzigo mdogo, unajaza nafasi iliyobaki, na viwango vya intaneti vilishasema ijazwe kwa sufuri. Baadhi ya walioandika programu za kuendesha kadi za mtandao hawakujisumbua. Waliiambia kadi tu, "tuma pakiti ya urefu huu," na kadi ikachukua chochote kilichokuwa karibu kwenye kumbukumbu. Karatasi ya mandazi kabisa.

Januari 2003, Ofir Arkin na Josh Anderson wa kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo @stake walichapisha ushahidi na kuipa kasoro hiyo jina la Etherleak. Kujaribu kulikuwa rahisi ajabu. Unatuma ule ujumbe mdogo wa kuuliza kompyuta "upo?", ukiwa na baiti moja tu ya data. Jibu lake lina baiti 29, kwa hivyo 17 lazima zijazwe. Baiti 17 zinatosha nywila ya mtu. Na hakuna aliyekuzuia kuuliza tena mara elfu.

Aliyeweza kufanya hivyo ni mtu aliye kwenye mtandao mmoja na wewe, kwa sababu ruta hutupa kichwa cha zamani pamoja na ujazo wake kabla ya kupeleka mzigo mbele. Hatari ilikuwa kwa jirani wa saiba au ofisini, si kwa mtu aliye ng'ambo. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya M-Pesa kuzinduliwa 2007. Linux ilirekebishwa kwa kuongezewa skb_padto, kazi yake ikiwa kuhakikisha ujazo ni sufuri. Unaweza kudhani yaliishia hapo. La. Mwaka wa 2021 Palo Alto Networks, kampuni inayouza vifaa vya kulinda mitandao, ilitangaza na kurekebisha kasoro ya aina hiyohiyo kwenye baadhi ya vifaa vyake.

Pesa zako je? Apu yetu hufunga ujumbe kwa usimbaji kabla haujawekwa kwenye pakiti, kwa hivyo anayechungulia ndani anaona herufi zisizo na maana. Kichwa chenyewe, hata hivyo, hakiulizwi kitambulisho. Yeyote kwenye mtandao wenu anaweza kuandika anwani ya mwenzake pale penye mtumaji, sawa na yule tapeli anayekutumia SMS ya "umepokea Ksh 3,500" kutoka namba ya kawaida. Tena anwani ile ya baiti sita ilikuwa ikikutambulisha kila unapounganisha Wi-Fi ya hoteli, mpaka Android 10 mwaka wa 2019 na iOS 14 mwaka wa 2020 zilipoanza kutumia anwani za kubahatisha. Simu isiyosasishwa inakosa marekebisho ya namna hiyo.

Basi usiku wa leo, simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi ya nyumbani, ingia Mipangilio, utafute sehemu ya Sasisho la mfumo, na uiache ifanye kazi. Kama simu yako ni ya zamani na haipokei tena masasisho, ukiwa mjini zima Wi-Fi ya watu na utume pesa kwa menyu ya laini.