Upepo Ugeukao: Kukiandaa Chombo cha Tanga Kabla ya Kimbunga

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki hutia nanga kwa kufuata majira. Kusi ikishika, jahazi huhamia nyuma ya rasi au kisiwa kinachoikinga upande wa kusini. Kaskazi ikiingia, huhama tena. Desturi hiyo ni ya karne nyingi, nayo imesimama juu ya jambo moja la hakika: upepo wa majira hauhami upande ghafla. Kimbunga huuvunja uhakika huo kwa saa chache tu. Ghuba iliyokuwa kimbilio asubuhi, jioni yake yaweza kuwa mahali pabaya kuliko pote.

Kwetu kimbunga ni mgeni wa nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa duara, na vingi vinavyotoka mashariki huishia Madagascar. Nadra, lakini haina maana ya kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuziharibu merikebu za Sultani Barghash. Mwaka 1952, tena ndani ya Aprili, zamu ilikuwa ya Lindi. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tazama miezi: mara nyingi ni tangambili, wakati kaskazi imelegea na kusi haijakaza, na wengi hawana wasiwasi wa mahali walipoacha vyombo vyao.

Upande huu wa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa kufuata mkono wa saa. Kimbunga kikija kutoka mashariki kuelekea ufukwe wetu, kwanza wote huona upepo wa kusini. Kinachofuata hutegemea uko wapi. Aliye kaskazini mwa njia ya kimbunga ataona upepo ukigeukia kusini-magharibi, kisha magharibi, yaani ukitoka bara na kuyasukuma maji nje. Aliye kusini mwa njia hiyo ataona ukigeukia kusini-mashariki kisha mashariki, na bahari yote inasukumwa juu yake. Na aliye njiani hasa atapigwa na upepo wa kusini, litapita jicho la kimbunga na utulivu wake wa kudanganya, halafu upepo utarudi kwa nguvu ileile ukitokea kaskazini. Ndiyo kusema Hidaya ilipokaribia Mafia, upande wa hatari ulikuwa Kilwa na Lindi zaidi ya Bagamoyo. Ukitaka kujua kitovu kiko wapi bila chombo chochote cha kupimia, uelekee upepo uso kwa uso: kitovu kiko kushoto kwako, kidogo nyuma ya bega.

Nguvu nayo haipandi kwa hesabu ya kujumlisha. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Upepo wa noti 20, ambao nahodha yeyote wa mashua ameshasafiri nao, husukuma kila mita ya mraba ya mlingoti, ubavu na turubai kwa nguvu ya kilo 6 au 7 hivi. Noti 64 ndicho kiwango ambacho dhoruba huanza kuitwa kimbunga kamili katika ukanda wetu, na hapo mita hiyohiyo husukumwa kwa kilo 65. Nanga iliyoshika vizuri miaka yote haijawahi kuvutwa kwa nguvu ya namna hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mahali, kamba zitafuata. Mahali bora ni hori jembamba lenye matope chini na mikoko pande zote mbili, maana huko hakuna upande ulio wazi kwa mawimbi, upepo ugeuke utakavyo. Neema hiyo tunayo. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko, iliwahi kuificha meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, kwa miezi kadhaa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, sembuse jahazi. Ndani ya hori chombo hufungwa katikati kwa kamba nyingi zinazokwenda kwenye mashina ya pande zote, omo na tezi, kama buibui katikati ya utando wake. Mashina yafungwe kwa mikanda mipana ili magome yasichunwe, na usikatwe mkoko hata mmoja: ndio unaokukinga.

Hori nalo lina tabia ya kujaa watu. Mwaka 1989, kabla ya kimbunga Hugo, mamia ya mashua za tanga zilikimbilia ghuba ya Ensenada Honda katika kisiwa cha Culebra, Puerto Rico, iliyosifiwa kuwa maficho bora ya eneo lile. Nyingi hazikutoka salama. Septemba 2017, Irma ilipoipiga Tortola, mashua za kukodisha zilizokuwa zimebanana katika wangwa wa mikoko wa Paraquita Bay zilikutwa zimelaliana. Chombo kimoja kikikatika hukiangukia cha jirani, na cha jirani kikikatika hukiangukia cha nyuma yake. Mimi ningechagua hori la pili kwa ubora lenye vyombo vitatu kuliko la kwanza lenye thelathini, na nisingesita.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kimo cha maji. Kimbunga huinua bahari kwa namna mbili: mgandamizo wa hewa ukishuka maji hupanda, takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali moja, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu huyarundika ufukweni zaidi ya hapo. Kwetu kuna pia kujaa na kupwa, ambako wakati wa bamvua hufika kiasi cha mita tatu na nusu hadi nne. Bahati ya Kenneth na ya Hidaya, ukiniuliza, ilikuwa ya mwezi: zote mbili zilifika karibu na robo ya mwisho, maji yakiwa mafu au yakianza tu kutoka katika mafu. Tusitegemee kupata bahati hiyo kila mara.

Chukua chombo kilicho kwenye kina cha mita nne maji yakiwa yamepwa, na omo yake iko mita moja juu ya maji. Nahodha anajumlisha anapata tano, anazidisha kwa saba ili kamba iilaze nanga, anatoa kamba ya mita 35 na kuona amefanya la maana. Usiku maji yanajaa mita tatu na nusu, kimbunga kinaongeza mbili. Sasa kutoka omo hadi chini ni mita 10 na nusu, na kamba ileile ni mara tatu tu ya kimo hicho na ushei. Inaivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza, na nanga inang'oka. Ili abaki na mara saba anahitaji zaidi ya mita 73, ambazo katika bandari yenye vyombo vingi hana nafasi ya kuziachia. Hii ni sababu nyingine ya kupenda mikoko. Hata huko, kamba ziachwe na ulegevu wa kutosha kwa maji kupanda, la sivyo chombo kitashikiliwa chini huku bahari ikiinuka na kuingia ndani.

Kisha kamba zenyewe. Nyingi hazikatiki kwa kuvutwa. Hukatika kwa kusugulika pale zinapopita ukingoni mwa chombo. Kamba ya nailoni hutanuka na kupunguza mishtuko, na kwa hilo inafaa sana, lakini ikitanuka na kurudi mara maelfu juu ya ukingo uleule hupata joto ndani kwa ndani mpaka nyuzi zikayeyuka. Pale inapogusa mbao au chuma weka kipande cha mnyororo, au cha kamba ya poliesta isiyotanuka sana, na juu yake valisha mpira wa bomba la maji au turubai nene iliyoshonwa. Usitumie tepu, itatoka mapema. Kila kamba ifungwe mahali pake. Kamba tatu zilizofungwa kwenye kigingi kimoja zitang'oka pamoja nacho.

Chochote kinachoshika upepo kishuke. Tanga la jahazi halitoshi kukunjwa juu ya foromali. Foromali yenyewe ishushwe, ivuliwe tanga, ilazwe na kufungwa sitahani au ipelekwe nchi kavu. Wenye yoti wana kosa lao la kudumu: hulikunja tanga la mbele kwenye waya wake na kuliacha pale kwa kuliamini. Upepo huanza na kona moja, na ukishalifungua tanga zima huipeleka mashua unakotaka. Turubai la kivuli, paneli za jua, mashine ya nyuma, mapipa, nyavu, vyote vitoke. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe, kwa sababu mvua peke yake inatosha kukizamisha chombo kilichoziba.

Ngalawa, mitumbwi na madau madogo yana njia rahisi zaidi. Yapandishwe nchi kavu juu kabisa ya alama ya bamvua, mirengu ya ngalawa ifunguliwe, na chombo kijazwe maji ili uzito ukishikilie. Kisifungwe kwenye mnazi. Mnazi huangusha nazi, na ukizidiwa huanguka wenyewe.

Hayo yote yafanyike mapema. Kuhama ni siku tatu kabla, kuvua matanga ni siku mbili, na siku ya mwisho ni ya kuondoka. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likishasema upepo mkali unaanza, nahodha asirudi kukagua kamba, na wala asilale ndani ya chombo kukilinda. Hakuna mkono unaoweza kulegeza kamba iliyokazwa na upepo wa noti 64. Katika utulivu wa jicho la kimbunga pia asitoke. Upepo wa pili utamkuta majini.

Kamati za madiko na manahodha wasisubiri jina la kimbunga litangazwe redioni. Nendeni kwenye hori lenu siku ya bamvua maji yamepwa, mpime mlango wake, mhesabu vyombo litakavyobeba, mkubaliane nani atafunga wapi. Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, na Hidaya ilifika Mei.