Istilahi za Matabaka ya Udongo: Mfano wa Ujiji na Kigoma

Neno 'tabaka' limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Wanasiasa hulitumia kwa mafungu ya watu katika jamii, na walimu wa kilimo kwa udongo ulio chini ya miguu yetu. Katika makala haya tutaonyesha kwamba, hata ndani ya elimu ya udongo peke yake, neno hili likiachwa bila kifafanuzi huweza kumpotosha msomaji.

Tuanze na Ujiji. Livingstone na Stanley walipokutana huko mwaka 1871, maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa karibu na mahali ambapo leo pana mnara wa kumbukumbu. Katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa hata likafungua njia ya Mto Lukuga, upande wa Kongo. Kisha maji yakashuka kwa mita kadhaa na ufuko ukasogea mbali. Achimbaye shimo katika nchi iliyoachwa na ziwa hukuta mchanga, tope na changarawe vilivyolazwa na maji, kimoja juu ya kingine. Hapo kilicho chini ndicho kilichotangulia.

Katika miteremko ya vilima vya Kigoma hali ni tofauti. Juu pana udongo uliotiwa weusi na mboji. Chini yake udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi zaidi. Kisha mwamba uliolegea, na mwisho mwamba mgumu. Matabaka haya hayakulazwa moja baada ya jingine, bali yametokana na kugeuka kwa mwamba pale pale ulipo. Majani yaozayo hutia weusi, chuma hutia wekundu, na maji ya mvua huteremsha chembe za mfinyanzi.

Mtaalamu wa Kirusi, Dokuchaev, aliyatambulisha matabaka ya namna hii kwa herufi A, B na C katika miaka ya 1880. Lugha kadhaa za Ulaya huyaita kwa neno lile lile la mahali ambapo mbingu huonekana kukutana na nchi. Mfasiri afuataye kamusi bila kutazama shimo ataandika 'upeo wa udongo', na mkulima atadhani anaambiwa mahali rutuba inapokoma.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) tabaka la mashapo: lililolazwa na maji au upepo;

(b) tabaka la udongo: lililofanyika pale pale kutokana na kugeuka kwa mwamba au mashapo. Ndani yake tutofautishe udongo wa juu (A), udongo wa chini (B) na mwamba uliolegea (C).

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Agizo la ujenzi lisemalo 'ondoeni tabaka la juu' likitekelezwa ufukoni huenda likaondoa mchanga tu. Likitekelezwa mlimani huondoa mboji inayolisha michikichi, na kuirudisha ni kazi ya miaka mingi. Mwandishi wa agizo hana budi kusema ni tabaka gani, na udongo huo uwekwe wapi.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee majina yatumiwayo na wakulima na wafinyanzi wa sehemu zao. Huenda jina lililo bora zaidi linatumika tayari shambani.