Fahamu: Vali za viwandani, ununue kwa mtengenezaji au msambazaji?

Vali hufungua, hufunga au hudhibiti maji, mvuke, mafuta au gesi ndani ya bomba.

Nani ni nani?

Mtengenezaji huiunda vali na kuipima kiwandani. Msambazaji huweka ghalani vali za kampuni kadhaa.

Uende kwa nani?

Kwa oda kubwa au vipimo maalumu, nenda kwa mtengenezaji, ukikubali kusubiri. Boila ikizimwa leo kwa sababu ya vali mbovu, msambazaji wa jirani ndiye wa kukuokoa.

Cheti kwanza

Hapa ndipo wengi huumia. Dai cheti cha ukaguzi wa metali cha EN 10204 aina ya 3.1, na namba ya mkupuo wa chuma iliyomo ilingane na iliyopigwa kwenye mwili wa vali. Uliza pia shinikizo la majaribio: mwili wa vali ya PN16 (ya bar 16) hupimwa kwa bar 24, mara 1.5 ya kiwango chake. Muuzaji asiye na cheti hicho usimlipe, hata bei ikivutia.