Kutoka shambani hadi kwa simu: fuatilia pesa ya kahawa yako

Kahawa ya Kenya hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwa kikombe: kiwanda cha ushirika, kinu, dalali wa mnada wa Nairobi, mnunuzi, kisha mkaangaji ng'ambo. Makato nayo ni mengi njiani. Ndiyo maana mkulima anaweza kungoja miezi, halafu apokee kiasi ambacho hakuna aliyemweleza kimefikiwaje.

Siku hizi wanunuzi pia wanauliza maswali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kahawa inayouzwa huko ijulikane imetoka shamba gani, na kwamba hapo hapakukatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini kazi ya kupima mashamba kwa GPS inaendelea.

Sisi tunasema uwazi uende pande zote mbili. Kama mnunuzi anajua shamba lako, wewe nawe ujue pesa yako. Kenya tayari ina mfumo wa malipo ya moja kwa moja, ambapo pesa ya mnada hupitia benki na kila mmoja hugawiwa fungu lake. Wakulima wengi hupokea lao kwa simu.

Ujumbe ukiingia, usikimbilie kutoa pesa. Fanya hivi kwanza:

1. Toa risiti zote za mzani, ujumlishe kilo.
2. Zidisha kwa bei ambayo chama kimetangaza.
3. Ondoa mkopo wa mbolea na makato mengine unayoyajua.

Tuseme ulipeleka kilo 420, na bei ni shilingi 100 kwa kilo. Hiyo ni 42,000. Ulichukua mbolea ya 6,000, kwa hivyo unatarajia 36,000. Simu ikionyesha 31,500, kuna 4,500 ya kuulizia. Nenda kwa chama na risiti pamoja na ujumbe wa malipo, uombe maelezo kwa maandishi.

Usifute ujumbe huo. Ukifutika, unaweza kuomba taarifa ya miamala kutoka kwetu. Hakikisha pia namba iliyo kwa sajili ya chama ni yako na imesajiliwa kwa jina lako. Na mtu akikupigia akisema malipo yako "yamekwama" hadi umtajie PIN, kata simu. Pesa ya kahawa haihitaji PIN ili ikufikie.